Michael Faraday, Mwana wa Mhunzi

Mtu akifanikiwa, wengine husema ni jasho lake, wengine husema ni bahati tu. Habari za Michael Faraday zaonyesha ya kuwa mambo haya mawili hayatengani.

Alizaliwa London, Uingereza, tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi maskini, naye mtoto hakupata elimu ila kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Mwaka 1805, akiwa na miaka 14, akawekwa kwa Bwana Riebau, fundi wa kujalidi vitabu, awe mwanagenzi wake miaka 7.

Hapo alikuta kheri asiyoichuma mwenyewe: bwana yule alikuwa mwema, akamruhusu kusoma vitabu vya kazini. Fundi aweza kushona vitabu maisha yake yote asivifungue, Faraday alivifungua. Akasoma habari za umeme na kemia, akanunua vyombo vya bei ndogo, akajaribu aliyoyasoma.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka akampa tikiti za kumsikiliza Sir Humphry Davy, mtaalamu mkuu wa kemia, katika nyumba ya elimu iitwayo Royal Institution. Faraday akayaandika mafundisho yale, akachora vyombo, akayajalidi yote yawe kitabu, akampelekea Davy pamoja na barua ya kuomba kazi. Davy akampokea vema, lakini nafasi haikuwapo.

Mapema mwaka 1813 msaidizi wa Davy akagombana na mwenzake, akafukuzwa. Ndipo Davy akamkumbuka yule kijana, na tarehe 1 Machi akaandikwa kazi kwa shilingi 25 kwa juma. Ugomvi ule haukuwa kazi ya Faraday. Lakini kama asingalikiandika kile kitabu, Davy angalimkumbuka kwa lipi?

Wala hakustarehe alipopata. Baada ya miaka mingi ya majaribio, mwaka 1831 alivumbua ya kuwa sumaku ikisogezwa ndani ya waya uliozungushwa huamsha umeme. Hata leo mitambo mikubwa ya umeme yaendeshwa kwa kanuni hiyo.

Naye hakuusahau mlango aliofunguliwa. Kuanzia mwaka 1827 alitoa mafundisho kwa vijana wakati wa Noeli, mara 19 kwa jumla. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Basi, wewe uliyefaulu, usijisifu kana kwamba ulijifungulia mlango mwenyewe. Wewe ungojaye, usingoje mikono mitupu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na wewe mwenye kitabu au nafasi ya kutoa, umpe kijana aliye karibu nawe. Yule mteja alitoa tikiti tu, wala hakujua ni nani aliyempa.