Warren Johnson: Mkufunzi Aliyekipa Chumba Kengele

Wanachuo huuliza mara kwa mara ni vipi sayansi itafundishwa mahali pasipo na maabara. Maisha ya Warren Johnson, aliyekuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, yanatoa jibu moja.

Johnson alizaliwa mwaka 1847 katika jimbo la Vermont, Marekani, akakulia Wisconsin. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo. Mengi alijifunza mwenyewe. Alifanya kazi ya uchapaji, ya upimaji ardhi na ya ualimu, na mwaka 1876 aliajiriwa katika chuo cha ualimu cha Whitewater, Wisconsin.

Majira ya baridi huko ni makali, na madarasa yalipashwa joto kutoka chini ya jengo. Mtunza tanuri hakuwa na njia ya kujua hali ya vyumba ila kupanda, kuingia kila darasa, kisha kurudi chini kufungua au kufunga vilango vya kupitishia joto. Kila alipoingia, somo lilikatika. Wengi wangeuvumilia usumbufu huo. Johnson aliufanya kuwa swali: je, chumba chenyewe hakiwezi kutoa taarifa?

Jibu lilitokana na kanuni inayofundishwa hata katika shule ya msingi. Metali hutanuka zipatapo joto, lakini si kwa kiasi kimoja. Vipande viwili vya metali tofauti vikishikamanishwa, joto huvipinda. Johnson aliutumia mpindo huo kuunga na kukata mkondo wa umeme, na umeme ukampigia kengele mtunza tanuri. Alipata hataza ya chombo hicho mwaka 1883. Mwaka 1885, kwa msaada wa fedha za William Plankinton, kampuni yake iliundwa mjini Milwaukee, naye akaacha ukufunzi. Kengele bado ilimhitaji mtu; kwa hiyo aliendelea kutafuta, na mwaka 1895 akapata hataza ya mtambo wa hewa iliyoshindiliwa, uliorekebisha joto la kila chumba wenyewe. Alifariki mwaka 1911.

Siku hizi nyumba nyingi za Marekani Kaskazini hupashwa joto kwa tanuri la gesi linaloongozwa na themostati ya ukutani. Kwa kawaida nyaya zake hubeba umeme hafifu wa volti 24. Chumba kipoapo, themostati huunganisha waya wa umeme, ambao kwa desturi ni mwekundu, na waya wa kuitia joto, ambao ni mweupe, tanuri huwaka. Joto litoshapo, huzitenganisha. Waya mwembamba hupeleka habari tu, kama ilivyokuwa kwa kengele ya Johnson.

Kwetu, kanuni hiyo hiyo imo katika pasi ya umeme inayojizima ipatapo moto wa kutosha. Mwalimu asiye na pasi achukue ukanda wa karatasi yenye utando wa alumini upande mmoja, aushike juu ya mshumaa, mbali kidogo na mwali. Kwanza awatake watoto wabashiri utapinda kuelekea upande gani, na kwa nini. Baada ya kuona, wajieleze wenyewe. Mwalimu asitangulie kutoa jibu.

Johnson hakungojea maabara. Alianza na jambo lililokuwa likimsumbua darasani kila siku. Nasi tuyatazame madarasa yetu kwa jicho hilo.