William Jones na watoro wa Rabai

Mwezi uliopita nilihudhuria kikao cha walimu wa Kiswahili hapa pwani. Mwenzetu mmoja, mtu mwenye uzoefu na heshima zake, alipendekeza kwamba riwaya zinazosimulia habari za vijana waliotoroka makwao ziondolewe katika maktaba za shule. Hoja yake ilikuwa kwamba vitabu vya aina hiyo vinamfunza mtoto utoro, vinamdharaulisha wazazi, na kumwonyesha uchafu wa dunia kabla ya wakati wake. Wengi walitikisa vichwa kumwunga mkono. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kulikonisukuma kuandika makala haya.

Hoja yenyewe si ngeni. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ilianika maisha ya msichana bila ya kuyatia sukari. Mwaka 1976 Mohamed Suleiman Mohamed alituletea Nyota ya Rehema, ambamo mtoto wa kike anaikimbia nyumba ya baba yake mzazi kwa mateso. Ken Walibora naye, katika Siku Njema ya 1996, alimtoa kijana yatima kutoka Tanga na kumvusha mpaka hadi Kenya kumtafuta babake. Vizazi vya wanafunzi wetu vimesoma vitabu hivi na kuvipenda. Swali ni je, vitabu ndivyo vinavyowafunza kukimbia?

Mpenzi msomaji, kabla ya kujibu naomba unifuate hadi Rabai, katika kaunti hii yetu ya Kilifi, penye vilima vinavyoitazama Mombasa kwa mbali. Hapo aliishi mtu ambaye maisha yake yanaijibu hoja hiyo kuliko niwezavyo mimi. Jina lake lilikuwa William Henry Jones.

Jina hilo lisikupoteze. Jones alikuwa Mwafrika, Myao wa asili, aliyezaliwa kusini mwa nchi hizi yapata 1840. Alitekwa angali mtoto mdogo, akatiwa katika msafara wa watumwa na kuswagwa hadi pwani. Kwa mtoto wa umri ule, msafara ulikuwa shule ya kikatili isiyo na mfano. Alijifunza humo kwamba mtu huweza kuuzwa na kuuzwa tena kama gunia la mtama, na kwamba kilio hakimtoi mtu kamba shingoni. Alipokwisha kupakiwa chomboni na kupelekwa baharini, chombo hicho kilikamatwa na manowari ya Waingereza iliyokuwa ikisaka wafanyaji biashara ya watumwa.

Watoto waliokombolewa kwa njia hiyo hawakurudishwa kwao. Walipelekwa Bombay, India, na baadhi yao wakatiwa katika kituo cha watoto wa Kiafrika kilichokuwa chini ya wamisheni wa CMS huko Nasik. Huko ndiko Jones alikofunzwa kusoma, kuandika na kazi za mikono, na ndiko alikopata jina na dini mpya. Wenzake wa Nasik walikuja kujulikana kwa jina la Waafrika wa Bombay. Mmoja wao ni Jacob Wainwright, ambaye alikuwa katika kundi lililoubeba mwili wa David Livingstone kutoka bara hadi pwani baada ya kufa kwake 1873, na ambaye alihudhuria maziko ya msafiri huyo mjini London mwaka uliofuata.

Mnamo 1864 Jones aliletwa Afrika Mashariki pamoja na mwenzake Ishmael Semler, ili wamsaidie mmisheni Johannes Rebmann katika kituo cha Rabai. Hebu fikiri, ewe mwanafunzi. Kijana anatolewa kwao kwa nguvu, anavushwa bahari, anakulia ugenini, kisha anarudishwa katika bara lake, lakini si katika kijiji chake wala katika lugha ya mamake. Alikuta Wamijikenda wenye mila zao, Waswahili wenye miji yao, na Wazungu wenye amri zao. Hakuwa wa huku wala wa kule. Hata hivyo aliamua kwamba hapo alipotupwa na dunia ndipo patakapokuwa kwao.

Ni lazima sasa tuitazame nchi yenyewe ilivyokuwa. Kuanzia miaka ya 1860 Malindi, iliyokuwa imegeuka mahame, ilifufuliwa chini ya utawala wa Zanzibar, ikawa nchi ya mashamba makubwa ya mtama na simsim. Takaungu nako kulikuwa na mashamba. Waliolima, kupalilia na kuvuna walikuwa watumwa. Mkataba wa 1873, aliotia sahihi Sultani Barghash, ulipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini, lakini haukuondoa utumwa wenyewe mashambani. Utumwa haukufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Kwa hiyo, kwa zaidi ya miaka 30, mtu aliyekuwa mtumwa Malindi alisikia habari za uhuru ilhali jembe lilikuwa lingali mkononi mwake.

Wakaanza kukimbia. Walikimbia usiku wakapenya nyika, wengine wakiwa watu wazima, wengine vijana ambao ndevu hazijawaota. Walianzisha vijiji vyao vya watoro bara ya Malindi na katika nchi ya Wagiriama. Kimojawapo kilikuwa Fuladoyo, ambako watoro waliishi pamoja na Wagiriama waliokuwa wameipokea dini ya Kikristo. Kiongozi wa kijiji hicho, Daudi Koi, aliuawa 1883 kwa sababu ya kuwahifadhi. Ama kwa hakika, kumpa mtoro hifadhi siku zile halikuwa jambo la maneno matupu.

Wengine walielekea Rabai. Kutoka Malindi hadi Rabai ni mwendo wa takriban kilomita 100 kwa mstari ulionyoka, na mtoro hatembei kwa mstari ulionyoka. Anapofika, miguu imepasuka, tumbo limeshikana na mgongo, na nyuma yake yumkini pana watu wenye bunduki. Katika miaka ya 1880 aliyekuwa na dhamana ya Rabai alikuwa William Jones. Wakubwa wa misheni walikuwa wamekwisha kutoa maagizo kwamba watoro wasipokewe, kwa kuwa sheria ya nchi iliwatambua kuwa mali ya mabwana wao, na kwa kuwa misheni iliogopa kushambuliwa. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Wenye mashamba walitishia vita zaidi ya mara moja.

Jones aliwapokea. Hakupiga mbiu wala hakutoa hotuba. Mtoro alikuja, akapewa mahali pa kujenga kibanda na pa kulima, akaishi. Wa pili akaja, wa mia akaja. Mtu aliyewahi kutiwa kamba shingoni akiwa mtoto angewezaje kumrudisha mtoto wa mwenziwe kwenye kamba ile ile? Hayo ni maelezo yangu mimi, lakini siyaoni mengine yanayotosha.

Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa kitako. Mwaka 1885, akiwa amekwisha kufanywa shemasi pamoja na Semler, alifuatana na Askofu James Hannington katika safari ya kwenda Uganda, wakiwa na wapagazi wapatao 200. Walipofika Kwa Sundu, mahali panapoitwa leo Mumias, Askofu alimwacha Jones hapo na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu wapatao 50. Mwezi Oktoba Hannington aliuawa Busoga pamoja na wengi wa wale aliokuwa nao. Wachache walionusurika walirudi kumpa Jones habari. Jones akawarudisha watu wake kwa miguu hadi pwani, na mapema 1886 akaingia Rabai akiongoza msafara wa msiba chini ya bendera ya buluu. Wajane wa wapagazi walikuwa wakingoja waume ambao hawakurudi.

Mambo ya watoro yalifika ukingoni mwaka 1888. Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuishika pwani, nao wenye watumwa wakadai warudishiwe watu wao waliokuwa misheni. Uchunguzi ulipofanywa, ilionekana kwamba watoro walikuwa mamia kwa mamia, na walio wengi walikuwa Rabai. Wakubwa wa misheni walifadhaika. George Mackenzie, mwakilishi wa Kampuni, aliona kwamba kuwarudisha ni aibu na kuwaacha ni vita, akatafuta njia ya kati: wenye watumwa walipwe fidia. Fedha zikachangwa, na mwanzoni mwa 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni walipewa hati za uhuru.

Tusiipambe hadithi hii kupita kiasi. Fidia ilimwendea bwana, si yule aliyelimishwa bure. Wala maisha ya misheni hayakuwa peponi, kwani huko Freretown, karibu na Mombasa, palikuwa pamezuka kashfa mwaka 1881 kuhusu viboko na adhabu kali walizopewa walioitwa watu huru. Naye Jones, pamoja na utumishi wake wote, aliendelea kuhesabiwa kuwa wa chini ya vijana wa Kizungu waliowasili juzi, na yeye na Semler walikaa mashemasi kwa miaka mingi kabla ya kupewa ukasisi. Alifariki mwanzoni mwa karne ya 20. Leo jengo la kale la misheni ya Rabai limefanywa makumbusho, na wanafunzi hupelekwa huko kwa mabasi kuonyeshwa habari za Krapf na Rebmann. Ningependa waulize pia habari za Jones.

Narudi sasa kwenye kikao chetu. Vijana waliokimbia mashamba ya Malindi hawakuwa wamesoma riwaya yoyote. Walio wengi hawakujua hata herufi. Walikimbia kwa sababu walikuwa wakiumizwa, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Vivyo hivyo kijana wa leo hafunzwi kutoroka na kitabu. Kitabu humwambia tu kwamba yampatayo yameonekana na mtu mwingine, yana jina, na kwamba hayuko peke yake. Humwonyesha pia hatari za njiani, maana katika riwaya hizo mtoro haangukii raha mara moja. Aghalabu huangukia shida nyingine.

Nina deni moja ambalo lazima nilikiri hapa. Miaka mingi iliyopita, nikifunza katika shule moja ya kaunti hii, msichana wa kidato cha pili alinijia nyumbani magharibi. Alikuwa amebeba vitabu vyake katika mfuko wa plastiki. Babake alikuwa na deni kwa mzee mmoja, na mzee huyo alikuwa amekubali kulisamehe kwa kupewa binti. Nilimsikiliza, mke wangu akampa chakula, kisha nikafanya nililodhani kuwa ndilo la utaratibu. Nilimshika mkono nikamrudisha kwao, nikazungumza na babake kwa adabu, naye akaniitikia kwa adabu. Nilirejea nikajipongeza kwa hekima yangu. Msichana yule hakuonekana tena darasani. Baada ya miaka mitatu nilimkuta kwenye kituo cha matatu akiuza maembe, ana mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Aliniamkia shikamoo kwa heshima zote, na heshima ile imeniuma hadi leo.

Sisemi kwamba kila mtoto anayebisha hodi ana haki, wala kwamba mwalimu awafiche watoto wa watu. Siku hizi pana sheria inayomlinda mtoto, pana maafisa wa watoto, na pana machifu ambao wajibu wao ni kuzuia mambo kama hayo. Mwalimu wa leo hana haja ya kuivunja sheria kama alivyolazimika Jones, kwa sababu sheria imehamia upande wa mtoro. Kinachohitajika ni kutomrudisha mtu gizani kwa ajili ya kuogopa lawama. Nilipomwandama msichana yule njiani kurudi kwao, sikuwa mkatili, nilikuwa mwoga, na kwake tofauti hiyo haikumfaa kitu.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, nasema leo nililopaswa kulisema katika kikao kile. Tusiziondoe riwaya hizo. Tuzisome pamoja na wanafunzi, tuwaulize nani alimfungulia mhusika mlango na nani alimfungia, na tuwape nafasi ya kuandika yao bila ya kuwatisha. Pengine katika kurasa zao tutasoma jambo ambalo mtoto hawezi kulitamka mbele ya darasa. Na wewe mwanafunzi wa Ganze, Magarini au Kaloleni unayesoma makala haya huku una mzigo moyoni, mtafute mtu mzima unayemwamini umweleze. Akikuangusha, mtafute wa pili. Waliokimbilia Rabai walipita malango mengi yaliyofungwa kabla ya kulifikia la Jones.