Munganga Paul Broca na mutu wa neno moja

Wandugu wanafunzi na walimu wetu, mara hii tumechagua maisha ya munganga Paul Broca. Wale wa biolojia wamekwisha kusikia jina lake, maana fasi moja ya ubongo inaitwa kwa jina lile. Lakini mutu mwenyewe, wengi wetu hatumujui.

Broca alizaliwa tarehe 28 Juni 1824 huko Sainte-Foy-la-Grande, muji mudogo wa Ufaransa, kusini-magharibi. Baba yake alikuwa munganga, na jamaa yao walikuwa Waprotestanti. Alisoma kwanza kwenye koleji ya Kiprotestanti ya muji ule. Alipofikia miaka 17 akaenda Paris kujifunza kazi ya unganga, na kisha akakuwa mupasuaji na mwalimu mwenye sifa.

Wakati ule wenye elimu walikuwa wanabishana sana. Wamoja walisema ubongo wote unafanya kazi pamoja. Wengine walisema hapana, kila kazi iko na fasi yake. Maneno yalikuwa mengi, ushuhuda kidogo.

Mwezi wa Aprili 1861, katika lopitali ya Bicêtre karibu na Paris, walimuletea Broca mugonjwa mumoja jina lake Leborgne, mwenye miaka 51. Muguu wake wa kuume ulikuwa na kidonda kibaya. Kila ulizo alijibu tu tan, tan, njo maana watu walimuita Tan. Kama hawakumusikia, alikasirika na kutoa tusi. Ni rahisi kuzani mutu wa namna ile hana akili.

Broca alimuuliza amekaa mule lopitali miaka ngapi. Mukono wa kuume ulikuwa umepooza, basi Leborgne akafungua mukono wa kushoto mara inne, kisha akaonyesha kidole kimoja. Hesabuni, wandugu: ni 21. Na kweli ilikuwa miaka 21! Kinywa kilifungwa, lakini akili ilikuwa mule ndani.

Leborgne alikufa tarehe 17 Aprili. Kesho yake Broca akaonyesha ubongo wake mbele ya wenzake: fasi moja ya mbele, upande wa kushoto, ilikuwa imeharibika. Mwaka ule ule akapata muzee Lelong, wa miaka 84, aliyebaki na maneno matano tu. Hesabu yoyote alisema tatu, lakini vidole vyake vilionyesha hesabu ya kweli. Naye alikuwa ameumia fasi ile ile. Katika mwaka 1865, kisha kuona wagonjwa wengine, Broca aliandika ya kama watu wengi wanasema kwa nguvu za upande wa kushoto wa ubongo.

Hakuishia pale. Alizani ya kama upande wa kuume unaweza kufundishwa polepole, kama vile mama anafundisha mutoto. Alijaribu mwenyewe kumufundisha mugonjwa herufi na silabi. Leo kazi ya kurudishia wagonjwa usemi inafanyika katika inchi nyingi. Tena katika mwaka 2007 wenye elimu walipiga picha ubongo wa Leborgne, uliotunzwa Paris, wakaona umeharibika mupaka ndani sana. Basi usemi hautoki kwa fasi moja ndogo tu.

Lakini tuseme kweli yote. Broca alipima vichwa na ubongo wa watu wengi, akifikiri ukubwa unaonyesha akili. Kwa njia ile aliweka Wazungu wanaume juu, wanawake na Waafrika chini. Alikosa, na elimu imekwisha kutupa mafundisho yale. Ni ajabu: yeye aliyeona akili nyuma ya kinywa kilichofungwa, alishindwa kuiona katika watu wazima na wenye kusema.

Alikufa tarehe 9 Julai 1880 akiwa na miaka 56, miezi michache kisha kuchaguliwa senatere.

Nyumbani kwetu, wengi tunajua baba ao tate aliyepooza na kupoteza usemi. Watu wanapita, wanasalimia wengine, yeye wanamuacha kama kiti. Tukirudi kwetu wakati wa mapumziko, tukae karibu naye. Tumuulize neno moja, tena tungoje. Pengine mukono wake utajibu.