Jaco Pastorius: Sauti nene haikununuliwa dukani

Wahenga walinena kuwa ngoma ivumayo haidumu. Ukiyatazama maisha ya Jaco Pastorius, Mmarekani aliyebadilisha upigaji wa gitaa la besi, utaona kwamba methali hiyo ni kweli nusu tu. Mpigaji alifariki akiwa na umri wa miaka 35, ilhali mvumo wake ungali unasikika. Swali linalowafaa wanafunzi wa muziki na walimu wao ni hili: mvumo huo ulitoka wapi?

Pastorius alizaliwa tarehe 1 Desemba, 1951, mjini Norristown, jimbo la Pennsylvania, akalelewa Florida. Baba yake alikuwa mwimbaji na mpiga ngoma, na mwana naye akaanza na ngoma. Alipoumia kifundo cha mkono akicheza kandanda ya Kimarekani, ngoma zikamshinda, akageukia besi.

Gitaa lililompa sifa lilikuwa Fender Jazz Bass la mwaka 1962, lililokuwa limeng'olewa freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyoigawa shingo ya gitaa. Mianya iliyobaki ilizibwa, kisha ubao ukapakwa gundi ngumu itumiwayo kwenye mashua ili usiliwe na nyuzi za chuma.

Gitaa la aina hiyo lina pikapu mbili. Pikapu ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme unaopelekwa kwenye amplifaya. Moja iko upande wa shingo. Nyingine iko karibu na daraja, pale ncha za nyuzi zinaposhikiliwa. Uzi hautikisiki sana karibu na mahali uliposhikwa. Kwa sababu hiyo, pikapu ya daraja hupata kidogo tu cha ile sauti ya chini iliyo msingi wa noti, na hunasa zaidi sauti ndogo ndogo za juu zinazoandamana nayo. Matokeo ni sauti kali na bayana, lakini nyembamba. Wengi huikimbia au huichanganya na ile ya shingo. Mchanganyiko huo huinenepesha sauti, lakini hufifisha sauti za kati, ambazo ndizo huiwezesha besi kusikika katikati ya ngoma na tarumbeta.

Pastorius hakuikimbia. Aliitegemea pikapu hiyo ya daraja, akauweka mkono wa kulia karibu nayo, nyuzi zilipo ngumu zaidi kuchunwa. Penye udhaifu wa chombo, alitia nguvu ya mkono. Anayetaka kuufuata mtindo huo huchuna kwa nyama ya kidole wala si kwa ukucha, hupunguza makali kwa kitufe cha toni, huongeza sauti za chini kwenye amplifaya kwa kiasi, na huishikilia kila noti hadi muda wake utimie. Noti iliyokatizwa mapema haina unene, hata ipitie spika kubwa namna gani.

Mwaka 1976 alitoa albamu yake ya kwanza, akapiga humo kwa besi, akisindikizwa na ngoma za konga pekee, wimbo wa jazi uitwao Donna Lee. Mwaka uo huo alijiunga na bendi ya Weather Report na kumpigia Joni Mitchell katika albamu ya Hejira. Albamu ya Heavy Weather ya mwaka 1977 ikalieneza jina lake duniani.

Hapa ndipo vijana wengi hupotoka. Husikia kwamba alikuwa mlevi, wakadhani ulevi ndio uliokuwa siri ya kipawa chake. Ukweli ni kinyume. Katika miaka ya mwanzo, alipokuwa akijifunza, alijiepusha na pombe na dawa za kulevya. Alizizoea baadaye, umaarufu ulipokwisha kumfikia. Mnamo 1982 madaktari walitambua kuwa anaugua maradhi ya akili yanayompeleka mtu kutoka furaha iliyopindukia hadi huzuni kuu. Mwaka 1986 alilazwa hospitalini New York, na mwaka huo huo gitaa lake likaibwa. Septemba 1987 alipigwa vibaya nje ya klabu moja mjini Wilton Manors, Florida, akafariki tarehe 21 mwezi huo.

Gitaa hilo lilijitokeza tena mwaka 2006. Lakini ule unene wa sauti haukuwa umefichwa ndani yake. Ulikuwa katika mikono iliyofanyishwa kazi kwa miaka mingi. Ndugu mwalimu, mfunze mwanafunzi wako kukijua chombo alicho nacho kabla hajadai kingine. Na umwonapo mwenye kipawa akianza kuyumba, usiyaite maradhi yake ujuzi wala ukaidi. Mtafutie tabibu mapema.