Wangila: Bondia aliyeshuka ulingoni kwa miguu yake

Kijana wa Matasia, hebu tupime kumbukumbu yako. Ukiulizwa utaje Wakenya waliotwaa dhahabu ya Olimpiki, majina yatakutoka kama maji: Kipchoge Keino, David Rudisha, Eliud Kipchoge, Faith Kipyegon. Si ajabu. Unaishi kati ya Ngong na Kiserian, na wanariadha unawaona barabarani alfajiri wakipiga tizi. Lakini kuna jina moja ambalo huenda likakupita, kwa sababu mwenyewe hakuwa mkimbiaji. Ni Robert Napunyi Wangila, bondia. Mpaka leo, yeye ndiye Mkenya pekee aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha.

Wangila alizaliwa Nairobi mnamo Septemba 3, 1967. Enzi hizo ndondi haikuwa mchezo wa kando nchini. Philip Waruinge alileta nishani ya shaba kutoka Mexico mwaka 1968 na ya fedha kutoka Munich mwaka 1972. Timu ya taifa, Hit Squad, ilikuja kuogopwa Afrika nzima, na Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika mwaka 1987, mabondia wetu walitamba vilivyo. Kijana mwenye konde zito hakukosa pa kujifunzia wala wa kumpima.

Kisha ikaja Olimpiki ya Seoul, 1988. Kenya ilirudi na dhahabu tano. Nne zililetwa na miguu: Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ililetwa na ngumi. Katika fainali ya uzani wa welter, Wangila alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani na kumlambisha sakafu katika raundi ya pili. Hakuna Mwafrika mweusi aliyekuwa amewahi kushinda dhahabu ya ndondi ya Olimpiki kabla yake. Alikuwa na umri wa miaka 21 tu.

Sasa jiweke katika nafasi yake. Una dhahabu shingoni, nchi nzima inakushangilia, lakini ndondi ya Olimpiki wakati huo ilikuwa ya ridhaa, na nishani hailipi kodi ya nyumba. Ungefanya nini? Wangila alifanya kile ambacho vijana wengi wenye kipaji hufanya: alienda kutafuta pesa ughaibuni. Mwaka 1989 alianza ndondi za kulipwa nchini Marekani.

Huko kazi ilikuwa nyingine kabisa. Seoul alipigana raundi tatu kwa pambano, kichwani akiwa na kofia ya kujikinga. Katika ndondi za kulipwa kofia hiyo haipo, na raundi zinaweza kufika kumi au kumi na mbili. Alipanda ulingoni mara 27, akashinda 22, na katika ushindi huo 16 ulikuja kwa kuwamaliza wapinzani kabla ya kengele ya mwisho. Alipoteza mara tano. Wenzake wa Seoul, kama vile Lennox Lewis na Roy Jones, walikuja kuwa mabingwa wa dunia. Hata Boudouani, yule yule aliyemwangusha, alivaa mkanda wa dunia mwaka 1996. Wangila hakuwahi kuuvaa, na kufikia mwaka huo hakuwa hai.

Pambano lake la mwisho lilikuwa Las Vegas, Julai 22, 1994, dhidi ya David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa aliona ngumi zimezidi, akasimamisha pambano. Wangila hakukubali. Alikuwa bado wima na alitaka kuendelea, kwa hivyo akalalamikia uamuzi huo. Akashuka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, akaenda hadi chumba cha kubadilishia nguo. Humo ndimo alimoanguka. Alikimbizwa hospitalini, madaktari wakampasua kichwa kujaribu kumwokoa, lakini Julai 24 alifariki. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Shika hapo penye ile safari fupi ya kutoka ulingoni hadi chumbani. Mtu aliyepigwa kichwani anaweza kusimama, akaongea, hata akabishana nawe, ilhali ndani ya fuvu damu inavuja polepole na kuubana ubongo. Fuvu halitanuki. Damu ikizidi, ubongo hauna pa kwenda. Ndiyo maana mtu anaweza kuonekana yuko sawa kwa dakika au saa kadhaa, kisha akazimika ghafla.

Wala kofia ngumu si dawa ya kila kitu. Huko Marekani wana mpira wao wa kubebwa mikononi, ambao wachezaji huvaa helmeti tangu wakiwa watoto. Mwaka 2002, daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, alichunguza ubongo wa Mike Webster, nyota wa mchezo huo aliyefariki akiwa na miaka 50. Alikuta umeharibiwa na mapigo ya miaka na miaka. Helmeti hulinda mfupa, lakini ubongo bado hutikisika ndani.

Huenda wewe si bondia. Lakini unacheza raga shuleni, unagongana vichwa uwanjani ukirukia kona, au unabebwa na bodaboda kwenye barabara ya Ngong usiku. Mwenzako akigongwa kichwa kisha aanze kutapika, kulalamika kuwa kichwa kinamuuma sana, kuongea ovyo au kusinzia kusiko kwa kawaida, usimwambie akalale atapona. Mpeleke hospitali hata kama anakataa. Na kama aliyegongwa ni wewe, na kocha akakutoa uwanjani, toka.

Wangila alikuwa jasiri, hilo hakuna wa kulipinga. Ujasiri wake ulituletea dhahabu ambayo hatujapata nyingine ya aina yake tangu 1988. Ila usiku ule wa Las Vegas, aliyekuwa akimtakia mema kuliko wote ukumbini huenda alikuwa ni yule refa aliyemkasirikia.