IMAM BUKHARI NA DAWA YA KUHIFADHI

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu wanafunzi na wazazi, kila mitihani ikikaribia tunaulizwa dawa ya kuhifadhi. Imam Bukhari, Allah amrehemu, aliulizwa swali hilo hilo.

Jina lake ni Muhammad bin Ismail. Alizaliwa Bukhara, katika nchi ambayo leo ni Uzbekistan, mwezi wa Shawwal mwaka 194 Hijria (810 Miladia). Baba yake alifariki angali mdogo, akalelewa na mama. Inasimuliwa kuwa alipofuka utotoni, na mama yake hakuacha kumuomba Allah mpaka akarudishiwa macho yake. Alianza kuhifadhi hadithi akiwa na miaka 10 hivi. Alipofika miaka 16 alikwenda kuhiji pamoja na mama na kaka yake, kisha akabaki Makka kutafuta elimu.

Huko Basra wenzake walimlaumu kwa kuwa haandiki darsa. Akawasomea kwa moyo hadithi zaidi ya 15,000, wao wakawa wanasahihisha maandishi yao kwake. Baghdad nako walimjaribu kwa hadithi 100 zilizovurugwa isnadi. Alizirudisha zote, kila isnadi kwa hadithi yake.

Watu wakadhani anakunywa dawa. Karani wake akamuuliza faraghani. Alimjibu kuwa haijui dawa yoyote iliyo bora kuliko hamu ya mtu na kudumu kutazama vitabu. Karani huyo alishuhudia mwenyewe: walipokuwa safarini, usiku mmoja Imam aliamka mara 15 hadi 20, akiwasha taa, akiziwekea alama hadithi, kisha akilala tena.

Kitabu chake, Sahihi Bukhari, kilimchukua miaka 16. Alifariki Khartank, karibu na Samarkand, usiku wa Idi ya Fitri mwaka 256 Hijria (870 Miladia).

Basi tuzingatie. Kipaji chake alipewa na Allah, na si kila mmoja wetu atapewa mfano wake. Lakini kurejea tulichokisoma sote tunaweza. Mwanafunzi akishasikilizwa na ustadhi, akafunga msahafu mpaka darsa lijalo, asishangae kusahau. Aufungue tena baada ya Maghrib, na Alfajiri pia. Nanyi wazazi, wasikilizeni watoto japo robo saa, na msichoke kuwaombea kama alivyofanya mama yake Imam.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.