Quorthon: funzo la gereji kwa vijana wa Kibera na Kawangware

Wahenga walinena kwamba Mgala muue na haki yake mpe. Nimeianza makala yangu kwa methali hiyo kwa kuwa leo nimekusudia kumzungumzia mtu ambaye walimu wengi wangependelea jina lake lisitajwe shuleni kamwe. Mtu huyo ni Tomas Börje Forsberg, raia wa Uswidi aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la usanii la Quorthon. Ndiye aliyeiasisi bendi ya Bathory, na kazi zake ni miongoni mwa chimbuko la muziki wa roki uitwao metali nyeusi. Ni muziki wa gitaa zinazokwaruza, ngoma zinazokimbia kama farasi aliyetishwa, na sauti ya mwimbaji inayokaribia mlio wa mnyama kuliko wimbo.

Msomaji atauliza yanatuhusu nini ya Mswidi huyo. Yanatuhusu kwa sababu muziki wa aina hii umekwisha kubisha hodi kwetu. Wapo vijana wa Kibera na Kawangware wanaoupenda, na wapo wanaojaribu kuupiga. Sisi wazazi na walimu tukiwasikia hatuna jibu ila kukemea. Nadhani maisha ya Quorthon yana jibu lililo bora zaidi.

Forsberg alizaliwa jijini Stockholm tarehe 17 Februari 1966. Mnamo mwaka wa 1983, akiwa na umri wa miaka 17, aliunda bendi pamoja na vijana wenzake wawili. Jina la bendi alilitwaa kwa Elizabeth Báthory, mwanamke wa tabaka la juu wa Hungaria ya kale aliyetuhumiwa kuwaua wasichana wengi. Mpiga ngoma wake wa kwanza, Jonas Åkerlund, hakukaa sana. Aliondoka akaja kuwa mwelekezi mashuhuri wa filamu na video za muziki, na ndiye aliyeielekeza video ya Madonna ya mwaka wa 1998 iitwayo Ray of Light. Nalitaja hilo ili ibainike kwamba katika vikundi vya vijana tunavyovidharau huenda mkawamo vipaji ambavyo hata wenyewe hawajavitambua.

Wakati huo Quorthon alikuwa akifanya kazi ndogo ndogo katika kampuni ya santuri iitwayo Tyfon. Mwaka wa 1984 kampuni hiyo ilikuwa ikiandaa santuri ya mkusanyiko wa bendi za Uswidi na Ufini. Bendi moja ilipojitoa, nafasi yake wakapewa Bathory, nao wakatia nyimbo mbili. Santuri ilipotoka, barua za wasikilizaji zilimiminika, na nyingi ziliwauliza wenye kampuni habari za vijana hao wasiojulikana. Kabla ya mwaka kwisha, Bathory walikuwa wametoa santuri yao wenyewe.

Hapa ndipo ninapoomba walimu na wanafunzi wa sanaa wategee sikio. Santuri hiyo haikurekodiwa katika studio ya fahari. Ilirekodiwa katika gereji ya magari iliyogeuzwa kuwa studio, kwa mitambo michache na muda mfupi tu. Sauti iliyopatikana ilikuwa chafu, yenye mwangwi na ukungu, mithili ya muziki unaosikika kutoka ndani ya pango. Mwanamuziki mwingine angeona haya. Quorthon hakuuficha ukosefu ule, bali aliufanya kuwa mtindo. Uhaba wa vyombo ukawa ndio sura ya kazi yake, na miaka iliyofuata wanamuziki wengi wa Ulaya waliokuwa na uwezo wa kukodi studio nzuri walijitahidi kwa makusudi wapate sauti mbovu kama ile ya gereji.

Hata hivyo, si haki kuficha upande wa pili. Santuri zake tatu za mwanzo, za miaka ya 1984, 1985 na 1987, zilijaa taswira za shetani na laana. Katika hayo Quorthon hakuwa mwasisi, kwani jina lenyewe la metali nyeusi lilitokana na santuri ya mwaka wa 1982 ya bendi ya Venom ya Uingereza. Alilolifanya ni kulivaa vazi hilo la kutisha kama mwigizaji avaavyo barakoa. Msiba ni kwamba wapo waliokuja nyuma yake wakaisahau barakoa. Nchini Norwe, kuanzia mwaka wa 1992, baadhi ya vijana wa muziki huu waliteketeza makanisa, likiwamo kanisa la kale la mbao la Fantoft karibu na mji wa Bergen. Mwaka wa 1993 mwanamuziki mmoja alimuua mwenziwe. Quorthon hakuwamo katika maovu hayo, lakini anayewafundisha vijana hana budi kuyataja, asije akafundisha nusu ya kweli.

Lililo muhimu zaidi kwangu ni kwamba moto ulipowaka Norwe, yeye alikuwa amekwisha kuihama njia hiyo. Mwaka wa 1988 alitoa Blood Fire Death. Jaladani aliweka mchoro wa mwaka wa 1872 wa Peter Nicolai Arbo, unaoonyesha miungu ya kale ya kaskazini ikipita angani kwa vishindo. Mwaka wa 1990 akafuatiza Hammerheart. Shetani alikuwa ametoweka. Mahali pake waliingia mababu wa Waswidi wenyewe: mabaharia, mashujaa, maziko ya baharini, na huzuni ya kijiji kilichopata wageni waliokuja na dini mpya. Mwalimu wa fasihi aliyefundisha Shujaa Okonkwo hatahitaji kufafanuliwa maudhui hayo. Yaliyoipata Umuofia ya Chinua Achebe yalikuwa yameyapata mataifa ya kaskazini karne nyingi kabla.

Mabadiliko hayo ya maudhui yalibadilisha na muziki. Mwendo ulipungua, nyimbo zikarefuka, kwaya zikaingia, na yule aliyekuwa akikoroma akajaribu kuimba, ingawa sauti yake haikuwa nzuri. Kutokana na kazi hizo lilizaliwa tawi jipya la roki linalosimulia habari za Waviking, ambalo leo lina wafuasi katika nchi nyingi. Na haya aliyafanya bila kutegemea jukwaa. Bathory waliacha maonyesho ya hadharani mapema mno, na hawakufanya ziara kama bendi nyingine. Alikaa, akatunga, akarekodi. Katika santuri zake za mwisho, Nordland, zilizotoka mwaka wa 2002 na 2003, alipiga vyombo vyote mwenyewe. Mwezi Juni mwaka wa 2004 alikutwa amefariki nyumbani kwake Stockholm kwa ugonjwa wa moyo. Alikuwa na umri wa miaka 38.

Sasa turudi kwetu. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka kwamba mwaka wa 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na kwamba ripoti yake ilitolewa hadharani mwaka wa 1999. Katika miaka hiyo hofu ilitanda mashuleni. Fulana nyeusi ilitosha kumtia kijana mashakani, na muziki wa roki ulitazamwa kama mlango wa kuzimu. Sisemi kwamba wazazi hawakuwa na sababu ya kuhofia watoto wao. Nasema kwamba hofu ile ilitufunza kutazama vazi bila kumuuliza avaaye, na tabia hiyo haijatutoka.

Nimewasikiliza vijana wanne, wawili wakaao Kibera na wawili wa Kawangware, wakifanya mazoezi katika chumba cha mabati upande wa Makina. Walikuwa na gitaa moja, spika iliyokarabatiwa mara nyingi, ndoo na mitungi ya plastiki badala ya ngoma, na simu ya kunasia sauti. Mabati yenyewe yalitetemeka yakawa chombo cha tano. Umeme ulipokatika, waliendelea kwa ndoo na koo. Walikuwa wakiifuata ile njia ya gereji, na sidhani kama waliijua historia yake. Lakini maneno ya nyimbo zao yalikuwa ya kuazima: theluji, majumba ya mawe, mapepo yenye majina ya Kizungu. Mmoja wao aliwahi kunyang'anywa daftari la nyimbo na mwalimu wake, likachanwa mbele ya darasa kwa madai kwamba lilikuwa la kishetani. Kijana yule hakuuacha muziki. Aliacha shule.

Najiuliza ingekuwaje iwapo mwalimu yule angelisoma daftari kwanza, kisha akamwuliza kijana swali moja: Je, giza la kwenu liko wapi? Maana lipo, tena la kutosha. Kibera yenyewe ilianza kama msitu walimokalishwa askari wa Kinubi waliopigania jeshi la mkoloni. Waliishi humo vizazi kadhaa bila hati ya ardhi, hadi mwaka wa 2017 jamii yao ilipokabidhiwa hatimiliki ya ekari 288. Kawangware nayo imo katika eneo la Dagoretti, ambako mwaka wa 1890 Kapteni Lugard alikula kiapo cha udugu na Waiyaki wa Hinga, akajenga ngome. Mwaka uliofuata ngome hiyo iliteketezwa. Mwaka wa 1892 Waiyaki alikamatwa akapelekwa kuelekea pwani, akafia Kibwezi, na hadi leo yasimuliwa kwamba alizikwa hai. Kiapo kilichovunjwa, ngome iliyochomwa, shujaa aliyefukiwa angali anapumua: kama Quorthon angalizaliwa Kawangware, angaliacha kweli utenzi huo akaenda kuimba mapepo ya kigeni?

Wala haya si ndoto za mzee. Mwaka wa 2020 Martin Khanja na Sam Karugu, wawili waliotoka katika jamii ya metali ya Nairobi, walitoa santuri kwa jina la Duma, neno lenye asili ya Kigikuyu ambalo maana yake ni giza. Waliirekodi Kampala, na ikasikilizwa na kusifiwa mbali na Afrika Mashariki. Si lazima tuupende muziki wao. Mimi mwenyewe masikio yangu yamezoea taratibu nyingine. Lakini tukubali kwamba walilitafutia giza jina katika lugha ya nyumbani, na hiyo ni hatua ileile aliyoipiga Mswidi mwaka wa 1988.

Kwa hiyo, walimu wenzangu, nawaomba tusiwe wepesi wa kuchana madaftari. Kijana aliyeanza kwa kuazima vitisho vya wengine hajapotea, bali yuko mwanzoni mwa safari. Kazi yetu ni kumwonyesha maktaba ilipo, kumwambia awaulize wazee wa Makina na wa Dagoretti, na kumsahihishia ushairi wake kama tunavyosahihisha insha. Penye uovu wa kweli tukemee bila woga, kwani yaliyotokea Norwe ni onyo. Penye kelele tu, tusikilize.

Nanyi wanafunzi, msingoje studio. Gereji ilitosha, na chumba cha mabati kitatosha. Lakini kumbukeni kwamba mwacha mila ni mtumwa. Vyombo vibovu havikumzuia Quorthon, na nyimbo zake zilizodumu zaidi kwangu ni zile alizotunga baada ya kuivua barakoa ya kuazima na kuwatazama mababu zake. Mababu zenu nao wapo, na bado hawajaimbwa.